Anayechelewa Kuitikia

Nilimpita Mwakifuna mara nne. Alikuwa amelala ubavu katika maji yasiyofika magotini, hatua chache kutoka kwenye mashua ya kupakilia, gogo la kuni limekwama mchangani kando yake, na mimi ndiye niliyekuwa mnyapara wa gati siku hiyo. Mara ya kwanza nilipita nikitazama mbele. Mara ya pili nilimtazama. Mara ya tatu nilimsukuma kichwa kwa mguu, kama mtu aliyeteleza, ili uso wake utoke majini. Mara ya nne nilimsalimu. Kengele ilipogongwa tulimwinua. Sasa nimeacha kazi, na yuko mtu mmoja ambaye bado ananiuliza swali moja, nami sijamjibu.

Nawaandikia ninyi mnaobeba mizigo gatini leo. Mjerumani ameondoka na Mwingereza amekuja. Ziwa halikuulizwa, na kengele ni ile ile, kipande cha chuma kilichotundikwa kwenye nguzo ya ghala. Mliniomba niwaachie maneno ya kazi. Wengine mlitaka niwaeleze nilivyotoka chini ya mzigo nikawa mnyapara. Nitafika hapo, na huenda mkajuta kuuliza.

Nilianza kazi wakati meli ya moshi ilipokuwa ngeni bado, na wazee walikuwa wakibisha kama chuma kinaweza kuelea. Nilitoka kwetu Njisi alfajiri bila kutia kitu mdomoni, kwa sababu niliambiwa anayefika kwanza ndiye anayechukuliwa. Nikachukuliwa. Wakanionyesha jinsi ya kusokota majani makavu ya mgomba yawe kata ya kichwani, wakanitwika gunia la mchele. Maji yetu ni mafupi, meli haiwezi kusogea ukingoni, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa kichwa na bega: kutoka ghalani, kuvuka mchanga, kuingia majini, mpaka kwenye mashua, na mashua ndiyo iliyokwenda kwenye meli. Mchele, nta, mpira wa msituni uliovingirishwa kama vichwa vya watoto, na juu ya yote kuni. Meli ile ilikula kuni kuliko kijiji kizima.

Safari ya sita au ya saba nilisikia nyuki masikioni. Nikageuka kutafuta mzinga. Nakumbuka kwamba mchanga ulinijia usoni, wala haukuwa na haraka.

Nilipofumbua macho nilikuwa kivulini nyuma ya ghala. Miguu yangu ilikuwa juu ya gunia, kichwa chini, mshipi wa nguo umelegezwa. Mtu mzima mwenye ndevu chache alikuwa amechuchumaa akinipepea kwa jani la mgomba. Huyo ndiye Mwakifuna, mnyapara wa wakati ule.

"Ugonile?" akaniuliza. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi: umelala?

"Ngonile, tata." Nimelala, baba.

"Hukulala, umeanguka. Lakini umeitikia, ndicho nilichotaka. Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana?"

"Jana nilikula."

"Mzigo wa leo haubebwi kwa chakula cha jana," akasema, na watu waliokuwa wakipita na magunia wakacheka bila kusimama. Hakuniruhusu kuinuka. Alimwita mtu aliyekuwa akirudi upande wa kwetu akamwambia, "Pita Njisi kwa mama yake huyu. Mwambie mwanawe yu hai. Mwambie kabla hajaambiwa mengine."

Nikaona anazidisha. Nilielewa baadaye. Kwetu mtu akianguka na macho yakageuka, neno linalotoka mdomoni ni moja: afwile, amekufa. Akiinuka, watu wanasema basi amerudi, na hakuna anayeona haya. Maneno kuzimia na kuzirai tuliyasikia kwa watu wa pwani waliokuja na Wajerumani. Huenda wazee wanalo neno lao la katikati, lakini mdomo ulioshtuka hauchagui. Na neno afwile likishatoka, wanawake wanalia, kilio kinadakwa nyumba ya pili, ya tatu, kinavuka mto, na kabla ugali haujaiva wilaya nzima inajua kwamba fulani hayupo. Mama yangu angefika gatini akiwa amekwisha kujitupa chini njiani mara kumi.

Siku ile sikurudishwa kwenye kazi. Nilipewa ndizi za kuchemsha na kipande cha samaki mbasa, nikakaa kivulini, na kazi yangu ikawa kutazama. Nadhani ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Nilichokiona ni kwamba Mwakifuna alimsalimu kila mtu, kutwa. Alisimama pale mchanga unapokutana na maji, na kila mbebaji aliyempita alimwambia, "Ugonile!" Mbebaji akajibu, "Ngonile," akaingia majini. Aliporudi tena na mzigo mwingine, salamu tena. Jua la utosini, salamu ya asubuhi. Mzee mmoja wa Kikisi, watu wale wa ukingoni ambao wake zao hufinyanga vyungu, alimtania kila siku.

"Tata Mwakifuna, jua linazama, na wewe bado unatuuliza kama tumelala?"

"Ninyi ndio mnaolala mkitembea," akajibu. "Mimi nawaamsha."

Nilidhani ni mzaha mpaka siku ya tatu, alipomsalimu mtu mmoja mnene, yule mtu akapiga hatua mbili ndipo akajibu. Mwakifuna akamshika mkono. "Mtueni huyu." Mtu akabisha kwamba hana neno. Wakamtua. Akakaa, akatapika, akaegemea ukuta akiwa na midomo ya rangi ya majivu. Hakuanguka, kwa sababu alikuwa amekwisha kukaa.

"Sikiliza, mwana wa Njisi," Mwakifuna akaniambia. Aliniita hivyo mpaka mwisho. "Mtu anayetaka kuanguka hakwambii. Anaona haya, na akiacha kuona haya amekwisha kuanguka. Jasho lake hukauka, lakini jasho si rahisi kuliona kwa mtu anayetoka majini. Macho yake hutafuta kitu kisichokuwapo, lakini nani ana nafasi ya kutazama macho ya watu wote hawa? Sikio linatosha. Anayechelewa kuitikia, mtue mzigo."

Hilo ndilo somo lenyewe. Mkiacha kusoma hapa mtakuwa mmepata kitu.

Mengine aliyonifundisha ni haya, nami nimeyajaribu kwa watu wengi. Mtu akianguka, kwanza uondoe mzigo, maana wengi huumizwa na gunia kuliko na kuanguka. Kama yuko majini, mtoe majini kabla ya neno lolote. Mpeleke kivulini, mlaze, uinue miguu, ulegeze kila kilichofungwa. Weka mgongo wa mkono wako mbele ya pua yake; kiganja cha mbebaji ni kigumu, hakisikii kitu. Akitapika mgeuze ubavu. Usimmiminie maji mdomoni. Watu wanapenda sana kummiminia maji mtu asiyejijua, halafu wanashangaa amekufa kwa maji nchi kavu. Usimchomee pilipili puani, usimsimamishe, usimpige makofi. Wasimzunguke, watu thelathini wanaomhurumia mtu mmoja wanakula upepo wake wote. Akiamka, mwulize jina la mama yake. Akikosea, bado hajarudi. Maji apewe kidogo kidogo akiwa amekaa. Siku hiyo asibebe tena, hata akiapa. Na upeleke mtu kwao haraka kuliko kilio.

Askari wa gati walikuwa na dawa yao, kiboko, kwa sababu waliamini kila aliyeanguka anajifanya. Mwakifuna alibishana nao kwa upole. "Mtu anayejifanya huchagua mahali laini," aliwaambia. "Huyu kaangukia mawe." Mara nyingi walicheka wakamwacha. Miaka ile msimamizi wa ghala alikuwa Mjerumani mzee mwenye kupenda samaki kuliko kazi, na mambo ya wabebaji hakuyaingilia.

Kisha akaja mwingine. Jina lake sikulijua vizuri, wala sitaki kulijua sasa. Tulimwita Bwana Saa, kwa saa yake ya mnyororo aliyoifungua na kuifunga siku nzima. Alisimama barazani pa ghala, akaitazama meli, akaitazama saa, akatutazama sisi, kwa mpangilio huo. Kiswahili chake kilikuwa kifupi. Nimwandike kwa haki: hakuwa mlevi, hakuchukua wake za watu, na mwanzoni hakumkataza Mwakifuna salamu zake. Alidhani ni wimbo wa kazi.

Kilichoharibu yote kilitokea msimu wa joto kabla ya mvua. Ni siku zile wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kama moshi, wakaingia puani na mdomoni. Mwakifuna alikuwa ameitwa ghalani. Mahali pake pa kusalimu palikuwa wazi. Mbebaji mmoja kutoka Ngana, jina lake Mwaijande, akaanguka mchangani na furushi la mpira, macho meupe.

Wanawake wawili waliokuwa wakiuza ndizi kando ya njia wakamwona. "Afwile!" mmoja akapiga ukelele, na wa pili akaudaka, na kilio kikaondoka.

Wale wasio wa kwetu wajue: msiba ukiitwa, wanaume hawaji mikono mitupu. Huja mbio, wamebeba mikuki, njuga miguuni, kwa sababu maiti huzikwa kwa ngoma ya mikuki. Hayo ni maombolezo yetu. Lakini mtu aliyesimama barazani na saa mkononi, asiyejua kwamba kuna msiba, anaona kitu kimoja tu: watu mia na zaidi wanatoka migombani wakikimbia kuelekea ghala lake na vyuma vinang'aa.

Askari walipanga mstari. Nilisikia bunduki zikitiwa risasi. Mwakifuna alitoka ghalani akakimbia katikati, mikono juu, akiwapigia kelele wale wa mikuki wasimame, akiwapigia kelele askari wasipige, kila upande kwa lugha yake, na nadhani katika ile hofu aliwachanganyia lugha.

Na hapo ndipo Mwaijande alipokaa kitako. Akajifuta mchanga. Akawaona watu wote wale, mikuki, wanawake wanaogaragara.

"Ndaga," akasema, kwa huzuni ya kweli, kama mtu anayetoa pole. "Amekufa nani?"

"Wewe!" mwanamke wa ndizi akamjibu kwa hasira.

Tulicheka, nawaambia. Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini, mikuki ikawa fimbo za kuegemea. Bwana Saa hakucheka. Alikuwa mweupe kuliko kawaida yake, na saa ilikuwa imemponyoka ikalia kwenye mbao. Aliogopa, kisha akatuona tunacheka. Nimekaa na wakubwa wengi, na sijaona jambo baya kwa mdogo kama mkubwa aliyeogopa mbele yake na kuchekwa.

Kesho yake alitusimamisha wote mbele ya baraza akatoa amri, kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila mkalimani. Naikumbuka neno kwa neno. "Mtu anguka, acha. Kelele hapana. Salamu hapana. Kazi, kazi, mpaka kengele."

Juma lile lile mtu mwingine akapepesuka, Mwakifuna akamdaka, wakaketi wote wawili kivulini. Bwana Saa akashuka barazani.

"Nimesema acha!"

"Ndiyo, Bwana," Mwakifuna akasema. "Ulisema acha. Mimi nimeacha mzigo. Au ulitaka niache mtu?"

Aliuliza kwa adabu, amesimama wima. Kila mmoja wetu alijua kwamba anajua amri ile ilimaanisha nini. Bwana Saa akaifunga saa yake, akaingia ndani. Baada ya muda akatoka askari na kuniita mimi.

Basi hivyo ndivyo nilivyopata unyapara. Mlitaka kujua. Sikuuomba, na sikuukataa. Mwakifuna alirudishwa chini ya mzigo siku hiyo hiyo, mtu mwenye mvi, akajisokotea kata kwa majani ya mgomba mbele ya macho yangu. Mimi neno acha nililielewa vile lilivyotakiwa kueleweka. Nimeona tangu wakati huo kwamba watu wa namna yangu ndio wanaopewa vyeo.

Miezi kadhaa tulikwenda hivyo. Watu walianguka wawili watatu. Walirudiwa na fahamu wenyewe kwenye mchanga wa moto wakaendelea, na Bwana Saa akafunga saa yake akiona amri yake inafanya kazi. Mwakifuna alisalimu bado, lakini sasa kutoka chini ya gunia, kwa sauti ya chini, kila aliyepishana naye. "Ugonile." "Ngonile." Mstari mzima ulinong'ona kama nyasi. Mimi nilisimama pale pale alipokuwa akisimama yeye, mdomo umefungwa.

Siku moja Bwana Saa alisogea karibu, akainua kichwa kama mbwa anayesikiliza. Mwakifuna alikuwa anakuja.

"Tata, nyamaza," nikamwambia haraka. "Anasikia."

Alinitazama. "Ndaga, mwana wa Njisi," akasema. Ndaga kwetu ni asante, na ni pole vilevile. Sikujua amenipa ipi. Tangu hapo hakusalimu tena, na mstari ukanyamaza wote.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuni. Meli ilikuwa imechelewa na Bwana Saa alitaka iondoke kabla ya jua kuzama. Mwakifuna alikuja na homa ya siku mbili; niliiona asubuhi alivyovaa shuka mbili katika joto lile. Ningeweza kumpa kazi ya kupanga magogo kivulini. Nilifikiri kwamba Bwana Saa ataona ninampendelea, nikamwacha kwenye mstari. Nikaona jasho lake limekauka. Nikaona anatazama kitu kisichokuwapo juu ya maji. Sikio langu lilikuwa tayari, lakini sikuwa nimemsalimu, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kuchelewa kuitikia.

Akaanguka kama mtu anayepiga magoti, halafu ubavu. Gogo likateleza likakwama mchangani karibu na kichwa chake. Mbebaji wa nyuma yake alikuwa Mwaijande, yule wa Ngana. Akasimama. Akanitazama. Alingoja mimi niseme. Barazani saa ikafunguliwa.

"Pita," nikasema.

Mwaijande akapita. Wote wakapita, wakipinda mstari kidogo pale, kama maji yanavyolizunguka jiwe. Mimi nilikuwa nikienda na mstari na kurudi nao, ndiyo kazi ya mnyapara. Hizo safari nne nimekwisha kuzitaja. Kijana mmoja kati yenu aliwahi kuniuliza kama niliogopa viboko. Hapana. Mnyapara wa gati letu hakupigwa. Alirudishwa tu chini ya gogo. Nililiogopa gogo.

Safari ya nne niliinama, nikijifanya natoa kijiti mguuni. Nikasema kwa sauti ya chini, na kwa wingi, kama anavyosalimiwa mkubwa, "Mugonile, tata?"

Kisha kengele.

Tulimbeba mpaka nyuma ya ghala, kivuli kile kile. Niliinua miguu yake juu ya gunia. Nililegeza nguo. Niliweka mgongo wa mkono mbele ya pua. Nilifanya yote kwa mpangilio alionifundisha, bila kukosea hata moja, na hayakuwa na faida. Mganga wa boma alipofika kesho yake alisema ni homa. Huenda ni kweli.

Hakuna aliyelia gatini, maana kelele zilikatazwa. Tulitembea na maiti kimya mpaka kwake, na mkewe, Sekela, alituona tunatoka migombani hatusemi kitu. Alikuwa amezoea kwamba kilio hutangulia. Alidhani mumewe amezimia tu.

"Mleteni kivulini," akasema. "Atawaambia mwenyewe la kufanya."

Mikuki ikaja, ngoma ikachezwa. Mwaijande alicheza mpaka akashikwa asianguke. Mimi nilikaa mwishoni, na hakuna aliyenifukuza, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kufukuzwa. Siku ya tatu Sekela alinijia.

"Ulikuwa karibu naye?"

"Nilikuwa karibu."

"Ulimsalimu?"

Sikutazamia swali hilo. Alijua kazi ya mumewe kuliko nilivyodhani. "Mwishoni," nikasema. "Mara moja."

"Aliitikia?"

Sasa niandike nilichokisikia, bila kuongeza. Neno ngonile huanzia puani. Mtu asiye na nguvu anaweza kulitoa lote puani, mdomo umefungwa, na aliyezoea akamwelewa. Nilipomsalimu nilisikia sauti ya namna hiyo, fupi, ya chini. Lakini lile gogo lilikuwa limekwama pale pale, na maji madogo yanapoingia chini ya gogo na kutoka, nayo hutoa sauti kama ya puani. Kama aliitikia, basi nilimwacha mtu hai majini mpaka kengele ilipogongwa. Kama hakuitikia, basi alikuwa amekwisha kufa, na labda tangu safari ya kwanza, na hakuna ambacho mkono wangu ungebadili. Ndivyo ninavyojiambia. Sekela anataka kujua kama mumewe alikufa au aliachwa afe, na mtu pekee aliyekuwa na sikio pale ni mimi.

Nimemwambia, "Sina hakika." Anasema hakuuliza kama nina hakika.

Bwana Saa alihamishwa kabla ya vita. Hakuna aliyetujia kuifuta amri yake, wala Mwingereza hakuikuta imeandikwa mahali popote, kwa hiyo haijui. Siku yangu ya mwisho kazini nilimwona mnyapara mpya akimpita mtu aliyekaa mchangani na kichwa katikati ya magoti. Nilimwuliza kwa nini hasimami. Akaniambia, "Mzee, si ndiyo kawaida ya gati?"

Tangu niache kazi nimekuwa nikishuka asubuhi pale maji yanapokuwa kama yalivyokuwa siku ile. Nachukua gogo la ukubwa ule, nalikwamisha mchangani mahali pale, nainama, nasikiliza. Siku nyingine gogo linalia. Siku nyingine halilii.

Wiki iliyopita nilikuta Sekela amesimama majini nyuma yangu, nguo ameishika magotini. Hakunisalimu. Tulisikiliza wote wawili. Wimbi dogo likaingia chini ya gogo, likatoka na sauti.

"Hiyo?" akauliza.

"Kama hiyo."

"Hiyo," akasema, "au kama hiyo?"